Gari Lako: Tafuta nguvu iliyopotea kabla ya kununua nyingine

Jumapili iliyopita niliahidi kwamba leo tungezungumza kuhusu matairi ya msimu wa mvua. Naomba radhi, matairi yatangoja. Nimepokea barua ambayo haiwezi kungoja, kwa sababu mwenyewe ana pesa mkononi, na pesa zikiwa mkononi hazikawii.

Barua yenyewe imetoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi. Babake alimwachia Subaru Forester ya mwaka wa 2003, ile ya lita mbili yenye tabo. Kila baada ya majuma mawili kijana huyu hufunga safari hadi kwao Kanja, Kaunti ya Embu, akamchukua nyanyake na kumpeleka kliniki mjini Embu. Anasema zamani gari hilo lilipanda vilima vya Kanja kana kwamba limefukuzwa na nyuki. Siku hizi linapanda likihema. Mwezi uliopita alipitwa mlimani na Probox iliyojaa abiria hadi kwenye buti, na makanga akampungia mkono kwa madaha.

Nyanya, aliyekuwa ameketi mbele, hakusema neno hadi walipofika nyumbani. Ndipo akamuuliza, "Mjukuu wangu, kwani gari la babako limezeeka kama mimi?" Akaingia chumbani, akatoka na shilingi 70,000 za bonasi yake ya majani chai, akamwambia akatengeneze gari.

Kijana akazipeleka habari hizo kwa gereji moja ya Nairobi. Akaambiwa kwamba kwa pesa hizo hizo kompyuta ya injini itabadilishwa, msukumo wa tabo utaongezwa, na gari "litapaa". Swali lake ni fupi: nilipe?

Jibu langu pia ni fupi: usilipe bado. Sasa nipe nafasi nikueleze kwa nini, maana najua si wewe pekee. Mitaa yetu imejaa magari ya tabo yaliyozeeka, na kila moja lina kijana anayetamani kuliongezea nguvu.

KIPEPEO CHA JIKO

Tuanze na tabo yenyewe. Umewahi kupepea jiko la makaa? Makaa ni yale yale, lakini ukilipepea, moto huwaka mara mbili. Injini nayo ni jiko. Huchoma petroli kwa hewa, na kadiri inavyopata hewa nyingi ndivyo inavyoweza kuchoma petroli nyingi na kutoa nguvu nyingi. Tabo ndiyo kipepeo.

Ujanja wake ni kwamba haitumii mkono wa mtu. Moshi unaotoka injini kwa kasi huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Kwenye ekseli hiyo hiyo kuna gurudumu la pili, ambalo huvuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Magurudumu hayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyepata hataza ya wazo hili mwaka wa 1905, na hadi leo kanuni ni ile ile.

Hewa ikisukumwa kwa nguvu hupata joto. Kama umewahi kupiga pampu ya baisikeli, umeona inavyochoma vidole. Kwa hiyo kabla ya kuingia injini, hewa hiyo hupitishwa kwenye kipoza hewa kinachofanana na radieta ndogo. Mafundi hukiita intakula.

Sasa njoo kwenye milima. Jijini Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, uzito wa hewa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Mombasa. Gari lisilo na tabo likitoka pwani likafika Nairobi, huwa limepoteza karibu sehemu moja kati ya tano za nguvu zake, na hakuna fundi wa kulilaumu. Gari la tabo hupoteza kiasi kidogo kuliko hicho au lisipoteze kabisa, kwa sababu kipepeo huongeza bidii ili kujaza pengo. Ndiyo maana watu wanaoishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya huyapenda.

Lakini shika neno hilo: huongeza bidii. Tabo inayofanya kazi Kanja tayari inazunguka kwa kasi zaidi kuliko ingalikuwa Mombasa, na hewa yake tayari ina joto zaidi. Ukiiongezea msukumo, au busti kama wasemavyo vijana, unamwongezea mzigo punda ambaye ameshapanda mlima. Mafunzo ya kuongeza nguvu yaliyoandikwa na mtu anayeishi kando ya bahari kule Japani au Uingereza hayawezi kunakiliwa hivi hivi na mtu wa Embu.

KISA CHANGU MWENYEWE

Nisijifanye mtakatifu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na gari la tabo, na nilikuwa na haraka. Nililipeleka kwa gereji ambayo sitaitaja. Fundi akafunga kivali kidogo kwenye mpira wa tabo. Kazi ya kivali hicho ni kuudanganya mlango unaopunguza moshi unaoizungusha tabo, ili uchelewe kufunguka. Basi tabo ikasukuma zaidi. Kwa majuma matatu nilijiona bingwa wa Safari Rally.

Juma la nne, nikipanda kutoka Naivasha kuelekea Limuru, nikasikia sauti kama ya mahindi yanayotikiswa ndani ya mkebe. Unajua nilifanya nini? Niliongeza sauti ya redio. Kabla sijamaliza mlima, moshi wa samawati ukajaa nyuma yangu na gari likaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Pistoni moja ilikuwa imekatika pale ringi zinapokaa. Karo ya kifungua mimba wangu ikaingia kwenye injini ya mtumba, na mama watoto hakunisemesha kwa juma zima. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Sauti ile mafundi huiita kugonga. Kwa kawaida cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa, na moto husambaa kwa utaratibu ukaisukuma pistoni. Hewa ikiwa na shinikizo na joto kupita kiasi, sehemu ya mchanganyiko huo hulipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Ni sawa na kuipiga pistoni kwa nyundo, mara mamia kwa dakika.

Kinachozuia kugonga ni petroli yenye oktani ya juu, petroli ya kutosha, na hewa iliyopoa. Hapa ndipo penye mtego kwa magari yetu. Mengi ya tabo yanayotoka Japani yalitengenezewa petroli ya kule ya daraja la juu, ambayo oktani yake hukaribia 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Kompyuta ya injini hujaribu kujilinda kwa kuchelewesha cheche, na ndiyo sehemu ya nguvu unayoikosa. Mtu akija akaongeza msukumo bila kufikiria petroli unayonunua, ameuondoa ukuta ambao mtengenezaji aliujenga.

TAFUTA ILIYOPOTEA

Gari la miaka ishirini linapokosa nguvu, mara nyingi nguvu haijaisha, imevuja. Kabla ya kununua nyingine, itafute hii kwa utaratibu.

Kwanza ni hewa. Kati ya tabo na injini kuna mipira na vibano, na mpira huzeeka kwa joto. Ukipasuka hata kidogo, hewa ambayo tabo imeisukuma hutoroka. Ukiwa umesimama gari hulalamika kidogo tu, lakini mlimani pengo hufunguka na gari hufa nguvu. Kipimo chake ni kama cha fundi wa pancha: mwombe fundi azibe mdomo wa hewa, aingize hewa ya kompresa kwa kiasi kidogo, kisha apake maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Penye povu ndipo penye mwizi. Asisahau vile vimipira vyembamba vya kuelekeza tabo. Kimoja kikichomoka, tabo hupokea amri za uongo.

Pili ni vumbi. Barabara za murami huziba chujio la hewa upesi kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Nyuma ya chujio kuna sensa inayopima hewa. Ikichafuka hudanganya kompyuta, na petroli hupimwa vibaya. Ina dawa yake maalum ya kusafishia. Usiiguse kwa kitambaa.

Tatu ni moto na petroli. Plagi zilizochakaa hushindwa kuwasha hewa iliyoshinikizwa, hata kama kwenye barabara tambarare ya Mwea gari linaenda vizuri. Chujio la petroli lililoziba na pampu iliyochoka ni hatari zaidi, kwa maana petroli ikipungua wakati tabo inasukuma, ndipo kugonga huanza.

Nne ni njia ya kutokea. Kisafisha moshi kilichoziba ndani ya bomba humfanya kipepeo afanye kazi huku amezibwa pua. Gari huwa zito, na chini yake huwa na joto lisilo la kawaida.

Tano ni breki zinazoshika. Ukifika mwisho wa safari, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Likiwa moja lina joto kuliko mwenzake, breki yake haijaachia, na umekuwa ukiburuta mzigo bure tangu Thika.

Sita ni afya ya injini yenyewe. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda zikitofautiana sana, sahau habari za kuongeza nguvu. Pesa zako ziende kwenye ringi na vali. Akiwa hapo aulize pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kwa injini hizi za Subaru za miaka hiyo, ukifika kilomita 100,000 usingoje dalili.

Na oili. Tabo huelea juu ya utando mwembamba wa oili, basi kwa gari kuukuu badilisha kila kilomita 5,000. Baada ya kupanda mlima, usizime injini mara tu unapofika langoni. Iache ikinguruma pole pole kwa dakika moja au mbili huku ukishusha mizigo, ili tabo ipoe oili ikiwa bado inapita. Oili inayosimama ndani ya tabo yenye moto huungua ikawa kama masizi ya sufuria, na masizi hayo ndiyo yanayoiua.

Wenye dizeli msidhani mmesahauliwa. Fundi akikufungulia skrubu ya pampu ili dizeli iingie zaidi, gari litaonekana kupata nguvu, lakini moshi mweusi unaoacha nyuma ni pesa zako zinazopeperuka, na joto ndani ya silinda hupanda. Injini ya 1KZ iliyokuwa kwenye Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990 inajulikana kwa kichwa chake kupasuka ikichemka. Mwenye gari hilo aanze na radieta na feni kabla ya kuota mbio.

UKISHAIPATA

Haya, tuseme gari lako limepimwa na ni zima. Kuongeza nguvu kidogo si dhambi. Kati ya mwaka wa 1989 na 2004 kampuni za magari za Japani zilikuwa na mapatano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya nguvu za farasi 280, na baadhi ya injini zao ziliachwa na akiba. Lakini akiba hiyo ilikuwa ya injini mpya. Miaka ishirini imeshaila sehemu yake.

Fuata mpangilio huu. Funga kwanza geji ya msukumo na ya joto, ujue gari linafanya nini. Kisha bomba la moshi lililo pana kidogo baada ya tabo. Halafu hakikisha petroli inafika ya kutosha. Mwisho kabisa ndiyo kompyuta, na irekebishwe kwenye gari lako wewe, na mtu anayepima mchanganyiko wa hewa na petroli na kusikiliza kama injini inagonga. Programu iliyotoka kwenye boksi haijui kama unaishi Likoni au Kanja.

Mweleze pia utanunua petroli wapi. Ukimpelekea gari lenye petroli ya bei ya juu, kisha ukaenda mashambani na kujaza iliyopo kituoni, umebadilisha dawa bila kumwambia daktari.

Na ile vali inayotoa sauti ya "psst" ukiachilia mafuta? Kwa gari lenye sensa ya hewa kabla ya tabo, hewa inayomwagwa nje tayari imehesabiwa, kwa hiyo petroli huwa nyingi kuliko hewa kila unapobadilisha gia. Unalipa ili upoteze. Labda makanga wa Probox atashtuka, basi.

WALIOSHINDA WALIFIKA

Tunaopenda mbio tukumbuke historia yetu. Gari la kwanza la tabo kushinda Safari Rally lilikuwa Toyota Celica ya Björn Waldegård, mwaka wa 1984. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1994, Ian Duncan alishinda kwa Celica nyingine, na Mkenya mwenzetu Patrick Njiru akashika nafasi ya nne kwa Subaru Impreza. Gari la Njiru lilikuwa la Kundi N, yaani magari yanayokaribiana na yale yanayouzwa dukani. Nalo likafika. Safari iliwafunza wote kwamba nguvu usiyofika nayo si nguvu.

MLIMA UNA PANDE MBILI

Msomaji, kuna jambo ambalo gereji nyingi hazikwambii. Kila mlima unaoupanda utaushuka. Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes na Chuka hukata mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya, bonde baada ya bonde. Mnamo Julai 24, 2022, basi lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Waliolisafiria eneo hilo wanaujua mteremko ule.

Unaposhuka huko, tabo haikusaidii chochote. Kinachokusaidia ni breki, matairi, na gia ya chini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka, na yakipata joto la mteremko mrefu huchemka, ukakanyaga pedali ikazama hadi chini. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Anayeongeza nguvu bila kugusa breki amejenga nyumba yenye ngazi ya kupanda tu.

Sheria nayo haijalala. Sokoni na mijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na barabara kuu nazo zina kikomo chake. Kanuni za kelele za mwaka wa 2009 zinamhusu mwenye bomba linalonguruma usiku. Na mwarifu mwenye bima yako kabla ya kubadilisha injini, kwa kuwa usipomwambia, anaweza kukataa kulipa siku utakayomhitaji.

BARUA YA PILI

Nilimwandikia kijana haya kwa ufupi, nikamsihi ampelekee kwanza fundi wa karibu na kwao. Majibu yake yamenifikia Jumatano.

Fundi ni mzee mwenye gereji ya mabati pale Kanja sokoni. Alimsikiliza, akaomba ndoo na sabuni ya kufulia. Povu lilitokea upande wa chini wa mpira unaounganisha tabo na intakula, mahali ambapo jicho halifiki. Ulikuwa umepasuka kiasi cha urefu wa kidole. Chujio la hewa nalo lilikuwa jekundu kwa udongo, na plagi hazijulikani zilibadilishwa mwaka gani. Gharama yote haikufika shilingi 15,000.

Ijumaa hiyo alimrudishia nyanyake zilizobaki. Nyanya akazihesabu, akamrudishia elfu kumi na tano. "Hizi ni za breki," akasema. "Kupanda tumeweza. Sasa nataka kujua tutashukaje."

Sina la kuongeza. Jumapili ijayo, Mungu akipenda, ni zamu ya matairi.